Hesabu ya Nyuzi

Nilikipata Kibuye, chini ya rundo la sidiria na mikoba,
kisanduku kilichobonyea pembe, juu yake picha ya ndege ya kale,
bawa juu ya bawa kama vitanda vya bweni.
Muuzaji alidhani ni mchezo wa watoto.
"Mia mbili, mama. Kikikosa kipande usinirudie."

Maelezo yake yako kwa lugha nisiyoijua,
herufi zimevaa vikofia. Lakini michoro naisoma.
Miaka thelathini na mmoja nilisimama kando ya meza ya upasuaji
pale Russia, nikisoma mikono ya watu waliofunika midomo.

Mabawa yalinichukua wiki. Nguzo, siku tatu,
moja nikaichonga kwa kijiti cha meno.
Zikabaki nyuzi.

Nilijaribu nailoni ya wavuvi wa Dunga.
Kwa kipimo hiki, moja kwa arobaini na nane,
ikawa nene kama mkono wa rubani.
Nikajaribu uzi wa cherehani: una manyoya.
Nikaomba unywele wa bandia kwa Akeyo wa saluni;
ulipoona mshumaa ukajikunja, ukakumbuka kichwa.

Ndipo nikafungua sanduku la bati.
Pakiti moja ya uzi wa macho,
tarehe yake ilipita mwaka niliostaafu,
mweusi, mwembamba hivi kwamba ukiudondosha
unautafuta kwa pumzi.

Zipo nyuzi za kuruka na nyuzi za kutua.
Za kwanza hulizuia bawa lisipae peke yake,
za pili hulizuia lisiinamie ardhi.
Ukikaza mmoja mno, mwenzake unalegea
na bawa zima linapinda kama mdomo wa mtu aliyenuna.
Tundu. Tone la gundi kwa ncha ya sindano. Vuta.
Usipumue. Subiri. Usipumue bado.

Kabla ya kufunga, huhesabiwa.
Hilo halijanitoka mkononi.
Mchoro unasema thelathini na sita.
Nahesabu kwa sauti, kama zamani:
thelathini na tano.

Kulikuwa na usiku wa Aprili, stima imepotea,
jenereta inakohoa nyuma ya ukuta.
Vitambaa viliingia ishirini. Mbele yangu, kumi na tisa.
Nikasema, "Daktari, hesabu."
Akasema, "Rudia."
Nikarudia.
Akasema, "Sista Awino, huyu mama anaisha. Nafunga."
Nikampa uzi.
Kwa mkono huu, ukiwa umeshatungwa sindanoni.

Siku ya tisa alitoka kwa miguu yake, Rosalia wa Ugenya.
Mwezi uliofuata mumewe akaniletea kuku.
Zaidi ya hapo sijui.
Miaka kumi na minne nimesikiliza matangazo ya vifo redioni,
chai ikipoa. Jina lake limesomwa mara mbili.
Mara zote mbili umri haukulingana.

Sasa ni saa nne usiku. Vijidudu vya ziwani vimeingia
kwa wingi wao wa kipumbavu, vinaizunguka balbu,
kimoja kimenasa kwenye gundi ya bawa la juu
na mabawa yake mwenyewe, yasiyofungwa kwa chochote.
Namwondoa kwa kibanio. Mguu mmoja unabaki.
Nahesabu tena.

Kushoto, nyuma, karibu na kiti cha rubani:
tundu liko wazi. Nililitoboa mwenyewe Jumatatu, nikalisahau.

Na nani angeliona? Hii haitaruka popote.
Itakaa juu ya kabati la vyombo, ubavuni mwa birika,
wajukuu wataiita panzi.

Nimeegemeza tochi ya simu kwenye kikombe.
Uzi umebaki nusu shibiri.
Naunyosha, unapotea mbele ya macho yangu.
Napumua kidogo tu.
Ule pale.