Ndogo

Sheria imenipa maneno matatu tu:
ndogo, wastani, kubwa.
Nichague moja, nilipige muhuri mwishoni mwa aya,
nifungue ukurasa mwingine.
Sura ya nne ni yangu. Sura ya nne ni maji.

Kinu ni kidogo, hilo halina ubishi.
Kitaletwa kwa lori, vipande vipande, kama kabati,
kifukiwe nyuma ya kituo cha makaa,
na paa lake halitazidi ukumbi wa michezo wa shule
tulimokaa jana usiku, viti vya chuma, theluji ikiyeyuka viatuni.

"Kidogo," alisema mhandisi Sundaresan kwa upole,
mikono yake ikipima hewa kama mtu anayeonyesha kimo cha mtoto.
"Kitabu chenu kiliandikiwa majitu.
Mnatuvisha koti la babu.
Wekeni vipimo mara moja: joto hili, maji haya, upana huu.
Atakayeenea humo asiulizwe tena."
Watu wakapiga makofi. Si wote.

Clell Hatch alisimama, akashika mgongo wa kiti,
akangoja kifua kimpe ruhusa.
Miaka thelathini na mmoja mgodini.
"Makaa hayakuombwa kurasa elfu tatu," alisema.
"Hayakuombwa hata moja. Tulipewa taa na filimbi.
Sasa mnahesabu samaki. Haya, hesabuni.
Ila fanyeni hima, mjukuu wangu anapakia gari."
Akaketi.
Hakuna aliyejua yuko upande gani.
Nadhani hata yeye.

Leo alfajiri nimeteremka mtoni peke yangu.
Tarrant, mwezi wa pili: barafu kingoni, katikati wazi, mweusi.
Nikafunga kipimajoto kwa uzi wa kuvulia, nikakizamisha.
Nyuzi mbili.
Chini ya daraja walikuwapo, midomo imetazama chini,
wakifyonza mawe,
samaki wasio na sura ya kupigwa picha.
Hawauzwi. Hawaliwi.
Hutaga maji yakipata nyuzi kumi, si kabla,
na maji yakiwadanganya watataga mapema
na baridi ya Aprili itawakuta makinda.

Kinu kitaongeza uzi mmoja na nusu.
Uzi mmoja na nusu! Hautoshi kushonea kifungo.
Au unatosha.

Kinu kidogo, mto mdogo, mji mdogo, joto dogo, athari ndogo:
neno hili hubadili kofia kila mlangoni,
likakaribishwa, likapewa kiti,
wala halijaulizwa limetoka wapi.
Clell naye aliwahi kuambiwa: ni vumbi dogo tu.

Na nisijifanye mtakatifu.
Nikigeuka naona dohani mbili za makaa zikifuka,
moshi umelalia paa za watu kama blanketi la mgonjwa,
na moshi huo hauna sura katika kitabu changu.
Naagizwa: linganisha na hali iliyopo.
Hali iliyopo inakohoa.
Kila mwezi ninaochelewa kwa ajili ya samaki,
kuna mtu anauvuta.

Saa tano za usiku, chumba namba tisa, hita inagonga.
Nimefuta "ndogo."
Nimeandika: uzi mmoja na nusu, chini ya daraja, kuanzia Machi.
Upimwe kila wiki.
Anayepima asilipwe na mwenye kinu.

Kesho Brandvold, mkuu wangu, atairudisha
kwa wino wake wa kijani: Neno liko wapi? Chagua moja.
Na atakuwa na haki, sheria ni sheria,
nami nitachagua, huenda lile lile.

Lakini namba siitoi.
Ikae hapo, juu kidogo ya neno,
kama mwiba ndani ya soksi,
na kila atakayepita sura ya nne
akanyage.