Upande wa Pili wa Ukuta

Tangu mfungo sita tunaishi nao,
sisi na wao, ukuta wa matumbawe katikati.
Ghala la pamba la zamani, huku Shela ya Malindi,
lililokuja kuwa la saruji, kisha la popo,
sasa lina kinanda.

Mchezo wenyewe unaitwa Bibi wa Simu:
mwanamke aliyeunganisha simu za mji mzima
enzi za nyaya na matundu,
akasikia siri za kila nyumba
na yeye hana wa kumpigia.
Hayo sikuyasoma kwenye tangazo.
Nimeyasikia nikisugua masufuria.

Najua Mwanasiti huvuta pumzi wapi.
Najua mpiga ngoma hukohoa kabla ya ubeti wa tatu,
na kwamba wimbo wa kaka wawili wanaogombea shamba
hauna maneno mazuri ila una kiitikio
kinachonifuata hadi sokoni.

Mama hajashuka ngazi tangu kiuno kimkatae.
Hugonga ukuta kwa bakora.
Wakadhani ni kelele zao,
wakaja na sahani ya kaimati kuomba radhi.
"Kelele gani? Mnakwenda mbio," akawaambia.
"Huyo mwanamke ana huzuni. Mnamkimbizia wapi?"
Kesho yake wakapunguza mwendo.

Ila mwisho hatuujui.
Kila wafikapo pale simu inapolia usiku wa manane
na Bibi anavua viatu,
Mbwarali, kiongozi wao, hupiga makofi mawili:
basi, kuanzia hapa tunong'one, kuta zina masikio.
Mama alicheka hadi akapaliwa.

Leo ndiyo tiketi.
Anauza Saro, fundi wa saa, kibandani kwake,
kuanzia saa mbili. Viti tisini.
Maonyesho matatu, Alhamisi hadi Jumamosi.
Nilifika saa kumi na mbili na nusu
nikakuta kandambili kumi na moja zimepanga foleni,
wenyewe wamekaa kibarazani na chai.
Yangu ikawa ya kumi na mbili.

Nyevu amewaacha wateja wa viazi karai wamlaani.
Mwuguzi mmoja amebadilishana zamu na watu watatu
na wa tatu, anasema, hajui bado.
Mwalimu Sombwana aliuona mchezo wao uliopita mara tatu,
na mpaka leo anashikilia
mara ya pili ndiyo ilikuwa mchezo,
nyingine zilikuwa mazoezi.
Kijana fulani ana sarafu ndani ya soksi, analia akitembea.

Mtu akasema, "Mwishoni Bibi hufa."
Akazomewa hadi akahamisha kandambili yake nyuma.
Mwingine akasema Nairobi wangeweka jukwaa linalozunguka.
"La kuzunguka la nini?" akauliza Nyevu.
"Mimi nataka la kunikaribia.
Nataka akilia nimpe leso."

Nilikuwa nazijua nyimbo zote, nikanyamaza.
Ajabu, nilikuwa na hamu kuwaliko wote.

Saro hukata tiketi kutoka maboksi ya saa,
hupiga muhuri, huupuliza wino ukauke.
"Mia tatu. Kiti cha arobaini na moja. Usiikunje."
Pesa za viwili nilikuwa nazo.
Nikazihesabu mara mbili, nikahesabu na ngazi zetu:
kumi na tisa, na ya sita imevunjika.
Nyuma yangu watu wakaanza kuguna.
Nikanunua kimoja.

Nilipomwonyesha mama, aliigeuza, akainusa.
"Umefanya vyema. Mimi kiti changu ninacho tangu mfungo sita,
na sijalipa hata senti."
"Na mwisho wakinong'ona?"
"Utakuwa na macho huko. Utakuja uniambie uso wake ulikuwaje."
Akafikiri kidogo.
"Lakini aliyekuwa kwenye simu, usinitajie."

Akairudisha tiketi, akapapasa ukuta kama anayetafuta swichi.
"Hapa ndipo kinanda kilipo," akasema.
"Kabla ya Alhamisi, nisogezee kitanda."