Ghala

Mtaa huu unaitwa Ghala. Kwetu Tukuyu
ghala ni pa kuwekea mahindi, panya wasiyafikie.
Mimi nimeweka siku tisa.

Ijumaa, ibada ya Kiswahili ni saa nane mchana.
Wafilipino wakitoka, sisi tunaingia,
viti vingali na joto la migongo yao.
Mwinjilisti Asangalwisye anatuongoza kuungama:
tumekosa, tumeacha tuliyopaswa kuyatenda,
nami najibanza ndani ya ile *tu*,
silabi moja, watu hamsini,
na bado pana nafasi.

Nilikuwa mweka hazina.
Anyelwisye alipoanguka kutoka jukwaa la wapaka rangi, Al Khuwair,
kampuni ikakana kumjua; viza yake ilikuwa ya kazi nyingine.
Tukachanga. Wapishi, madereva, yaya wa kule Al Khoud
aliyetoa riali tatu akaomba asiandikwe.
Mia sita na arobaini,
bahasha ya kahawia, jina langu juu yake.

Arobaini niliziazima.

Niliziazima: litazame neno lenyewe,
limechana nywele, limevaa viatu.
Ada ya mtoto, nilijiambia.
Sema kweli. Ada ilikuwa nusu.
Nusu nyingine ni simu hii iliyo mkononi mwangu.

Nilirudisha zote mshahara ulipotoka.
Daftari linasawazika hadi baisa ya mwisho,
mkaguzi na aje.
Ila gharama ya kumsafirisha ilikuwa mia sita na arobaini,
haikuwa mia sita,
na Anyelwisye alilala siku tisa zaidi kwenye droo ya barafu
huku nje lami inalainika.

Karani wa chumba cha maiti, kanzu nyeupe, kofia ya kushona,
mama yake mzaliwa wa Wete,
aliniuliza kwa Kiswahili kizuri kuliko changu:
"Mbona mwamkalisha mwenzenu? Maiti huharakizwa."
Nikasema, makaratasi.
Jioni nikamwambia na Tusekile kwa simu,
makaratasi, dada yangu.
Akasema, Bwana akubariki unavyotuhangaikia.
Nikaitika amina.
Nikaitika, na koo halikukwama.

Fedha hainiamshi usiku.
Huniamsha ile amina.

Kitanda cha juu, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo,
natunga ungamo langu.
Lina machozi mahali pake,
lina kituo baada ya jina la marehemu.
Hata humo nimejigawia sehemu nono:
mtoza ushuru anajipiga kifua
jicho moja likipepesa kuona nani anatazama.
Nafuta. Natunga tena. Limezidi uzuri.

Ee Mungu, Wewe huna haja na ufasaha wangu.
Wala sijui kama nakutaka Wewe
au nataka tu kulala.
Hilo nalo liandike.

Leo, baada ya ibada, sikungoja chai.
Nilisimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta
nikapiga Kyela, ambako saa iko nyuma kwa moja,
kana kwamba kwake bado kuna saa nzima
ambayo sijamdanganya.
Aliipokea upesi. Kuku walisikika, na sufuria.
"Ee, mweka hazina wetu! Kwema huko?"

Ulimi ulitafuta ile *tu*, kwa mazoea.
Nikaung'ata.
Nikaanza na silabi iliyo yangu:
ni