Ameondoka Sana

Nyemo, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili.
Hufika mezani kwangu Veyula saa tisa alasiri
na vumbi la shule mpaka kwenye kope.
Leo alinikuta namwambia mteja wa gari jeupe:
"Zabibu tamu supa! Supa!"
Mteja akacheka, akabeba kilo mbili, akaenda zake Mtumba.
Nyemo hakucheka.

"Mama mdogo, supa haikai nyuma.
Hiyo siyo sana. Inatangulia.
Supa tamu. Supa kali. Supa mbali."
Akachora kwa kidole kwenye vumbi la meza:
neno, mshale, neno.

Nikatazama mizani yangu.
Miaka kumi na moja naweka zabibu kwanza,
ndipo natafuta jiwe la kuzilinganisha.
Na kusema nilifunzwa hivyohivyo:
taja kitu, kisha kipime.
Kumbe wenzetu hutupa jiwe kwanza,
sahani inalia ngwa,
halafu ndiyo wanatafuta cha kupima.

Haya. Nikajifunza.
Jua supa kali.
Upepo wa Julai supa mkorofi,
umeninyang'anya mwavuli mara mbili wiki hii.
Mgambo wa jiji, supa mgambo.
"Hapana! Mgambo ni mgambo, hana ngazi.
Supa inataka kitu kinachozidi na kupungua.
Chupa haiwi supa tupu.
Maiti hawi supa maiti.
Mwanamke hawi supa mjamzito."
(Huyu hajabeba pacha mwezi wa tisa.
Nikamwacha apite.)

Nikamuuliza: na giza?
Maana sisi giza lina totoro yake,
usingizi una fofofo,
kimya kina jii, weupe una pe,
kila mguu na kiatu chake.
Hii supa yenu naiona kama kandambili za bafuni,
anaingia yeyote.
Akasema hilo Mwalimu Chidawali hajalifundisha.

"Tunga sentensi tano," akaniagiza,
"za maisha ya kila siku."
Nne nilizitunga huku nikifukuza nyuki.
Ya tano ilitoka yenyewe:
Baba yako mdogo supa ameondoka.

Akatikisa kichwa. "Kuondoka hakuna ngazi, mama mdogo.
Mtu ameondoka, au hajaondoka."

Nyemo wangu.
Ndahani alipopanda basi la Geita na begi moja
alikuwa ameondoka kidogo tu.
Koti lake lilikuwa msumarini, linanuka tumbaku.
Alipiga simu kila Jumapili:
akauliza mvua, akauliza mizabibu,
akamuuliza yule mbuzi mwenye pembe moja.
Kisha akaacha kumuuliza mbuzi.
Hapo alikuwa ameondoka kiasi.
Kisha zikaja meseji, nipo, mtandao unasumbua,
mtandao ukasumbua misimu miwili ya mavuno.
Kisha elfu ishirini ikaingia kwa namba nisiyoijua,
jina la kike, bila salamu.
Juzi nimelitandika lile koti ndani ya kreti
zabibu zisichubuke.
Sasa ameondoka sana.
Kama Kiingereza chako hakina pa kuliweka hilo,
mwambie mwalimu wako apasogeze.

Haya sikumwambia.
Nilisema tu, "Sawa, ifute."
Akafuta kwa kiganja, mshale na yote,
na meza ikabaki na mstari mmoja safi
katikati ya vumbi.

Gari likasimama. Kioo kikashuka nusu.
"Mama, tamu hizo?"
Sana ilikuwa upande mmoja wa ulimi,
supa upande wa pili.
Nikachuma moja, nikampa.
"Onja."
Alionja tatu, akatema mbegu barabarani,
akanunua nusu kilo.