Arobaini ya Paka

Nilizima simu
nikaizika ndani ya kopo la mchele,
chini kabisa, kinapolala kibaba.
Mwanamvua akacheka: "Utaipika?"
Kizibao cha bandarini, cha njano, chenye mistari ya kumeremeta,
nilikivua mlangoni, nikakitupa kwenye kapu la nguo chafu
kama nyoka anayeaga gamba lake.

Siku saba. Mnyapara alizitoa kwa mkono wa birika.
Lamu sikwenda, Unguja sikwenda.
Nilikuwa na baraza langu hapa Mtongwe, mkeka,
na kipupwe cha Agosti, na rasharasha
ipitayo uani kama mgeni
aliyesahau alichofuata.

Kunguru, yakhe, hawana likizo.
Asubuhi ya kwanza walimpokonya Famau hamri mkononi,
naye badala ya kulia akauliza
kama wana mama wa kuwakemea.
Bata wa Bi Mwanasiti nao wakajipenyeza uani,
wakaliona beseni la nguo nilizoloweka,
wakadhani ni bahari.
Nikafua mara mbili, sikukasirika.
Nilikuwa na wakati wa kufua mara tatu.

Jumanne, au ilikuwa Jumatano
(siku zilikuwa zimeshavua viatu),
tulivuka feri, tukarudi, tukavuka tena,
bila safari wala haja,
kwa kuwa Zamzam alitaka kujua
kama maji ya kwenda ndiyo yale yale ya kurudi.
Miaka yote mimi huvuka mbio,
kifua mbele, macho kwenye saa.
Siku hiyo nilimwona mtu amejitwika mlango,
mlango mzima, wa samawati, na kitasa chake,
na umati ukimpisha
kana kwamba angeweza kuufungua wakati wowote
akaingia, akatuacha nje.

Siku moja mvua ilihesabu mabati tangu alfajiri.
Tukalala.

Ijumaa baada ya swala, Bamburi, kumwamkia kobe.
Mtunzaji alisema ana miaka mia na ushei.
Famau akahesabu kwa vidole, vikamwishia,
akaazima vya bibi yake, akaazima vyangu,
akachoka, akainama hadi magoti yakagusa vumbi,
akanong'ona: "Shikamoo."
Kobe akarudisha shingo ndani, polepole.
"Ameitika," mama mkwe akasema.
"Marahaba ya mkubwa haina haraka."

Jioni yake, mihogo ya kukaanga, ndimu, pilipili,
vidole vinawaka na bado unavilamba.
Mwanamvua alianza kisa cha kisima cha kwao,
cha mbuzi aliyetumbukia na mjomba aliyemfuata,
kisa ambacho kwa miaka kumi na moja ya ndoa
sikuwahi kukaa kitako cha kutosha kukisikia.
Mihogo ikapoa.
Mbuzi alitoka salama. Mjomba, baadaye kidogo.

Usiku wa mwisho niliifukua simu,
imejipaka unga wa mchele kama bibi harusi aliyezidisha poda.
Nikaenda kapuni kutafuta kizibao.
Paka alikuwamo.
Yule yule asiye na jina,
tuliyemfukuza kwa fagio mwaka mzima,
amejilaza juu ya unjano,
na ubavuni vinne, vimefumba macho,
kila kimoja kama ngumi ya mtoto.
Nikanyoosha mkono. Akanitazama.
Hakupiga kelele, alinitazama tu,
kama karani wa dirishani anapokwambia urudi kesho.
Mama mkwe akanishika kiwiko:
"Mzazi haondolewi kitandani."

Alfajiri nilivuka tena mbio,
nimevaa kizibao cha kuazima, kinanibana kwapani.
Mnyapara akaniangalia juu hadi chini.
"Chako kiko wapi?"
"Kimelaliwa na mzazi," nikasema.
"Yuko kwenye arobaini yake.
Zimebaki siku thelathini na tisa."