Faili la Odilon Gervais

Namba yangu ya agizo iliishia moja-saba.
Yake, saba-moja.
Hapo tu ndipo kalamu ya mtu ilipojikwaa,
kalamu isiyojua kwamba nyuma ya tarakimu kuna watu.

Niliagiza gari Agosti, hapa Thunder Bay,
dogo, la giya za mkono, rangi waliyoiita ukungu,
viti vya kupasha joto, maana natoka zamu ya usiku hospitali
saa ambayo hata kufuli la mlango limekufa ganzi.
Darrell akasema wiki kumi.
Wiki kumi zikazaa nyingine kumi.
Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu
lilishazoea kunguruma kila simu ilipolia.

"Bi Maria," husema, "karatasi zimo njiani."
Si Maria, Darrell. Maire. Mwishoni E.
"Sawasawa kabisa, Bi Maria."

Januari bahasha ikaja.
Niliifungua na buti zangu mguuni, theluji ikichuruzika sakafuni.
Ndani: pikapu nyeusi, milango minne,
ndoano ya kuvutia tela,
na jina, Odilon Gervais, wa Nipigon.

Ningeirudisha palepale. Najua.
Badala yake nikachemsha kahawa, nikaketi.

Kazaliwa Februari tisa.
Miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha karatasi.
Mshahara wake niliuona, nikaona haya
kama aliyesukuma mlango wa bafu bila kubisha.
Gari la kubadilisha: la mwaka 2009, kilomita laki nne na ushei,
*kioo cha kushoto kimeshikizwa kwa gundi.*
Kaandika mwenyewe. Mtu mkweli, au mtu aliyechoka.
Kwenye mstari wa mdhamini palipakwa wino mweupe.
Nikauinua ukurasa dirishani, Mungu anisamehe,
jua la baridi likapenya:
Solange.
Jina la ukoo hakuna. Labda aliandika kwa mazoea,
mkono ukaenda, kisha akakumbuka.

Ndipo kikombe kiliponitetemeka.
Kama la kwake liko kwangu,
la kwangu liko wapi?

Liko Nipigon, mezani kwake.
Anajua umri wangu, ule wa kweli.
Anajua deni la meno.
Anajua kwamba penye *wanaokutegemea*
niliandika moja, nikaikata, nikaandika sifuri,
sifuri iliyoporomoka chini ya mstari,
kwa kuwa mama tulimzika Alhamisi
na fomu ilitakiwa Ijumaa.

Darrell alitukutanisha Machi, dukani,
katikati ya magari yanayong'aa na maputo yaliyolegea.
Mtu mrefu, kofia mkononi, kinyozi kamaliza naye asubuhi hiyohiyo.
Tulibadilishana bahasha kama majasusi wastaafu.
"Kuna duara la kahawa," nikasema, "ukurasa wa tatu. Langu hilo."
"Si neno."
Kisha, akiitazama kofia: "Pole."
Hakusema pole ya nini.
Nami nikamtakia heri ya siku ya kuzaliwa,
mwezi mzima umepita,
akacheka kicheko kikubwa mpaka Darrell akageuka
kuona ni gari gani limewashwa.

Nyumbani nikalifungua langu.
Kurasa tisa. Kila walipopiga chapa Maria
mtu alikuwa amelikata jina kwa penseli,
mstari mmoja mwembamba, wa rula,
na juu yake, kwa herufi za mtu asiyeandika sana,
ameandika Maire,
kama lilivyo kwenye sahihi yangu.
Mara kumi na nne. Nilizihesabu.

Gari lilifika Mei. Kijani.
Nikalichukua.