Hidrojeni Mbili

Saa nne usiku hapa Płock, theluji inaanguka
bila haraka, kama mtu asiyedaiwa.
Juu ya mapaa ya maghorofa mwenge wa kiwanda unawaka,
umelipaka tumbo la mawingu rangi ya chungwa.
Mbele yangu madaftari ishirini na saba,
kalamu nyekundu, chai iliyopoa.

Swali la nne nililitunga mwenyewe, nikaliona jepesi:
dekani, mnyororo wa kaboni kumi,
imepashwa moto, imekutana na kichocheo, imekatika.
Andika mlinganyo. Usawazishe.
Nusu ya darasa, baba zao hufanya kazi hiyo hiyo
zamu kwa zamu, pale penye mwenge,
na bado watoto wanauogopa mshale
kama mlango wa mwalimu mkuu.

Jagoda Wrzosek, safu ya pili, si mtu wa kukosea.
Kaandika:

C₁₀H₂₂ → C₈H₁₈ + C₂H₆

Nahesabu kwa ncha ya kalamu.
Kaboni: kumi huku; kule nane na mbili. Sawa.
Hidrojeni: huku ishirini na mbili.
Kule kumi na nane, na sita.
Narudia.
Mbili zimezidi. Mbili hazina kwao.

Kesho yake kengele imelia, wenzake wamekimbilia makoti.
Namwita, nafungua daftari.
"Hizi mbili umezitoa wapi?"
Anatazama viatu vyake, vyeupe kwa chumvi ya barabarani.
"Nilijua si sawa, mwalimu.
Ila nilitaka kila kipande kiondoke kimetosheka."

Kisha, kama anayesoma utabiri wa hali ya hewa:
baba anahamia Gdańsk mwezi wa tatu,
Kacper anakwenda naye, mimi nabaki na mama.
Tumegawana mpaka vijiko.
Vilikuwa kumi na kimoja.

Miaka kumi na tisa nafundisha somo hili.
La kusema nalijua, limo kitabuni:
mnyororo ukikatika, hakuna atomu inayozaliwa
wala inayokufa. Ulichokuwa nacho ndicho utakachogawa.
Kipande kimoja kitashiba, cha pili kitapungukiwa.
Hesabu haina huruma. Chuki pia haina.

Nafuta sita, naandika nne.
Zimebaki kaboni mbili, kila moja na mkono mtupu.
"Sasa zifanyeje?"
Anang'ata kifuniko cha kalamu. Anachora mstari kati yao,
halafu, chini yake,
wa pili.

Ningeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri:
waliopungukiwa hushikana mara mbili.
Lakini mimi ni mwalimu wa kemia, si mhubiri,
na mtoto alikuwa amesoma ukurasa unaofuata.
"Ila kiungo hiki ndicho chepesi kufunguka," akasema.
"Ukitia maji ya bromini, rangi inapotea yote."

Ndiyo, nikamwambia. Kinafunguka.
Ndiyo maana kiwanda kinakitafuta usiku na mchana:
kinafunguka ili kishike kingine, na kingine, na kingine,
hadi kipatikane kiti ulichokalia,
na kifuniko hicho unachokitafuna.
Akakitoa mdomoni, akakitazama.
Alicheka, au alipiga chafya. Sikuchunguza.

Nimempa alama mbili kati ya tatu.
Pembeni nilikuwa nimeandika "Hesabu tena!"
nikalikata lile "tena", kisha neno zima,
pakabaki kidonda chekundu kisichosema kitu.

Leo usiku mwenge uko palepale.
Naosha kikombe, naosha kijiko, nasimama maji yakichuruzika:
kumi na kimoja haigawanyiki kwa mbili,
na sikumwuliza
kile cha mwisho kilikwenda na nani.